Shamba nililorithi lina hatua 14 zisizo zetu. Naweza kutubu kwa niaba ya marehemu baba?

Kitindamimba ameandika:

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi tangu msimu uliopita wa kulima, na nyumbani sina tena wa kumuuliza.

Baba yetu alifariki miaka 3 iliyopita. Tuko wanne, mimi ndiye wa mwisho, nina miaka 52. Tuligawana shamba bila ugomvi, mpaka watu wakatusifia. Kipande changu ni kile cha chini, kinachopakana na shamba la mama mmoja mjane ambaye naye alitangulia mbele za haki kabla ya baba. Mpakani kuna jiwe jeusi, kubwa, limelala kama ng'ombe anayecheua.

Pamoja na kipande hicho nilikabidhiwa daftari la baba la shamba. Baba aliandika kila kitu: siku mvua ya kwanza iliponyesha, magunia aliyovuna, nani kaazima jembe na lini karudisha. Kwenye ukurasa mmoja ameandika, kwa mwandiko wake ule wa kulala: kutoka mti mkubwa hadi jiwe, hatua 96. Kurasa chache mbele, mwaka uleule, ameandika tena: kutoka mti mkubwa hadi jiwe, hatua 110. Hakuna maelezo yoyote. Chini yake anaendelea na habari za mbegu.

Mti haukutembea.

Yule mama alilalamika miaka mingi. Alisema mbele ya watu kwamba jiwe limehama. Watu walicheka: jiwe linahamaje? Baadaye wakaanza kusema kwamba uzee unamsumbua. Wakati huo hakuwa mzee. Alikuwa na umri kama wangu wa sasa, au pungufu. Alikufa akiwa anaitwa mwenye kuchanganyikiwa, na baba alikwenda mazikoni, akakaa mstari wa mbele.

Sitaki mumchukulie baba yangu kama jambazi. Ndiye aliyenifundisha kusali. Alikuwa akiamka kabla ya jua, anapiga magoti kando ya kitanda, na sisi watoto tulikuwa tunasikia majina yetu yakitajwa moja moja. Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma na tulikuwa wengi ndani ya nyumba. Alisubiri usiku usio na mwezi, akalibingirisha jiwe kwa mtaimbo juu ya magunia yaliyoloweshwa maji ili lisiache alama ya kuburutwa, shimo la zamani akalifukia. Asubuhi alikwenda kusali kama kawaida. Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa, na hapo ndipo ninapompenda kwa uchungu.

Mama yuko hai, ana miaka 84. Nilipomgusia alisema maneno matatu tu: "Usimfukue baba yako." Kaka yangu mkubwa alinijibu kisheria, kwamba muda wa kudai umeshapita na hakuna mahakama itakayosikiliza kesi ya jiwe. Naamini ni kweli, kwa sababu sheria za nchi nyingi zinaweka ukomo wa miaka ya kudai ardhi. Dada zangu wamenyamaza.

Nimefunga siku 3. Nimeomba msamaha kwa niaba ya baba, kwa machozi. Lakini nikiingia kwenye zile hatua 14 mkono unalegea kwenye mpini. Mazao ya pale nimeyaweka peke yake, siwezi kuyala na siwezi kuyatoa sadaka. Nimesoma Ayubu 31, pale mwishoni anapojilaani akisema kama ardhi yake inamlilia na matuta yake yanalia pamoja, basi miiba na imee mahali pa ngano. Nimeanza kujiuliza kama ardhi inajua.

Swali langu ni hili: mtu anaweza kutubu dhambi aliyoitenda mwingine? Na kama haiwezekani, mbona naibeba mimi?

---

Neema Tele amejibu:

Pole sana, mpendwa. Soma Ezekieli 18. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwana. Watu walikuwa na methali kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi, Mungu akaikataza isitumike tena. Umeomba, umefunga, umelia. Pokea msamaha kwa imani. Hiyo sauti inayokusumbua huenda si ya Mungu, ni ya mshitaki. Lima shamba lako kwa amani, na ukipata, wasaidie wajane wengine walio hai.

---

Abuu Twaha amejibu:

Kaka Kitindamimba, amani iwe juu yako. Mimi ni Muislamu, nitakueleza kwa nilivyofundishwa, uchukue litakalokufaa.

Umeuliza kuhusu toba, lakini mimi ningeanza na mirathi. Kwetu mtu akifa, mali haigawiwi kwanza. Kwanza anazikwa, kisha madeni yake yanalipwa, kisha wasia wake unatekelezwa ndani ya mipaka yake, ndipo warithi wanapata mafungu yao. Qur'ani katika Surat An-Nisaa inarudia jambo hilo zaidi ya mara moja: mafungu ni baada ya wasia na deni. Sasa kitu alichokipora marehemu hakifiki hata kwenye deni. Hakikuwa mali yake. Akiba ya mtu mwingine ikikutwa kabatini mwa marehemu, hamuigawi, mnamwita mwenyewe. Kwa hiyo zile hatua 14 hukuzirithi, kaka yangu. Wewe ulirithi hadi hatua ya 96. Kuanzia ya 97 unashikilia kitu cha watu, na tangu siku uliyolisoma lile daftari unakishikilia ukijua.

Hapo ndipo naachana kidogo na ndugu Neema Tele. Ni kweli kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine, hata sisi tunasoma hivyo. Lakini kosa la baba yako lilikuwa kuchukua, na linaloweza kuwa lako ni kubakiza. Hayo ni makosa mawili.

Wanachuoni wetu wameweka masharti ya toba: uache kosa, ujute, uazimie kutorudia. Kosa likiwa baina yako na Mola wako, hayo matatu yanatosha. Likiwa limegusa haki ya mja, linaongezeka la nne: umrudishie mwenyewe haki yake au akuhalalishie. Machozi hayasimami badala ya hilo la nne. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, amesema kuhusu ardhi hasa, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuchukua kwa dhuluma hata kiasi cha shibiri moja ya ardhi, atafungwa nayo shingoni kutoka ardhi saba. Shibiri moja. Wewe una hatua 14.

Aliyeipokea hadithi hiyo ni Said bin Zaid, na kisa chake kimekaa moyoni mwangu tangu nikiwa mwanafunzi. Mwanamke mmoja aitwaye Arwa alimshitaki mbele ya Marwan, gavana wa Madina, kwamba amechukua sehemu ya ardhi yake. Said hakuwa amechukua. Akasema: mimi nichukue ardhi yake baada ya kumsikia Mtume akisema vile? Kisha akamwachia ardhi ile, akamwomba Mungu ahukumu. Nakupa kisa hicho kwa sababu yeye aliweza kuachia hata kilichokuwa chake, maana alijua uzito wa kilicho chini ya miguu.

Mjane amefariki, lakini haki yake haikufa. Imehamia kwa warithi wake. Watafute. Na mama yako usimvunjie heshima wakati unafanya hivyo. Mwambie kwamba kumlipia baba deni ni wema wa mwisho ambao mtoto anaweza kumfanyia mzazi aliye kaburini.

---

Bibi Msomaji amejibu:

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma polepole na miwani.

Kwanza nikwambie habari ya mfalme Ahabu, maana wengi wanaijua nusu. Nabothi alikataa kuuza shamba lake la mizabibu kwa mfalme, akisema hawezi kutoa urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, akatunga barua kwa muhuri wa mfalme, mashahidi wawili wa uongo wakasimama, Nabothi akapigwa mawe, Ahabu akashuka kulimiliki shamba. Nabii Eliya akamkuta humohumo. Sasa sikiliza kilichofuata: Ahabu alitubu. Alirarua nguo, akavaa gunia, akafunga, akaenda kwa unyenyekevu, na Mungu mwenyewe akamwonyesha Eliya unyenyekevu ule, akaahirisha adhabu. Lakini tafuta katika sura yote ya 21 ya 1 Wafalme mahali ambapo shamba linarudishwa kwa watu wa Nabothi. Halipo. Gunia amevaa, shamba amebaki nalo.

Kisha fungua 2 Wafalme 9. Miaka imepita, Ahabu amekufa, anatawala mwanawe Yoramu. Yoramu anatoka na gari lake kumlaki Yehu, jemadari aliyemwasi, na Biblia inatutajia mahali walipokutana: katika shamba la Nabothi Myezreeli. Akauawa, na mwili wake ukatupwa palepale. Nimekuwa nikijiuliza miaka mingi kama Yoramu aliwahi kuambiwa shamba lile lilipatikanaje. Huenda alikua akicheza humo. Huenda aliliita "shamba la baba". Toba ya baba yake ilikuwa ya kweli kiasi cha kuahirisha hukumu, lakini ilikuwa toba ya nguo na tumbo tu, na kilichobaki mkononi kilimsubiri mtoto.

Kwa hiyo Neema Tele, mwanangu, Ezekieli 18 ni kweli tupu, ila endelea mpaka sura ya 33, mstari wa 15. Huko nabii anaeleza mwovu anayeishi ni yupi: anayerudisha rehani na kutoa alichonyang'anya. Na Hesabu 5 inasema aliyekosa aungame, arudishe kitu kizima, aongeze sehemu ya tano, na hata imeeleza la kufanya kama mwenye haki amekufa na hana ndugu wa kupokea. Musa aliliona swali lako kabla yako.

Sasa nije kwako wewe. Unasema ulilijua jambo hili kutoka kwenye daftari. Daftari, kwa maelezo yako mwenyewe, lina namba mbili na habari za mbegu. Hakuna maelezo yoyote, umeandika hivyo. Basi niambie, mwanangu: umejuaje kwamba usiku ule haukuwa na mwezi? Umejuaje kwamba magunia yalikuwa yameloweshwa?

Sikuulizi ili nikuaibishe mbele za watu. Mimi ni mzee, nimeketi na watu wengi wakitubu dhambi za wazazi wao, na mara nyingi dhambi ya mzazi ni pazia. Katika Walawi 26, Mungu anasema wakiungama uovu wao, na uovu wa baba zao, ndipo atalikumbuka agano lake na kuikumbuka nchi. Uovu wao umetajwa kwanza. Ukiwa tayari, anza hapo.

---

Kitindamimba amejibu:

Bibi, shikamoo.

Nimekaa siku 4 bila kufungua ukurasa huu. Nilisoma swali lako nikiwa nimesimama, nikatoka nje.

Nilikuwa na miaka 9. Baba aliniamsha akaniambia nichukue kandili na nivae sweta. Kaka na dada walikuwa wamelala. Nilifurahi, nakumbuka kabisa furaha ile, kwa sababu baba alikuwa amenichagua mimi. Alinifunikia kandili kwa koti lake ili mwanga uangukie chini tu. Mimi ndiye niliyebeba ndoo ya maji ya kulowesha magunia. Mimi ndiye niliyekanyagakanyaga udongo kwenye shimo la zamani, baba akisema, "Kanyaga vizuri, una miguu mizuri." Tuliporudi alinipa sukari mkononi, nikailamba kitandani gizani.

Miaka 43. Hata mke wangu hajui. Nilipofungua daftari na kuona zile namba, nilijifanya kushangaa, na nilikuwa peke yangu chumbani. Nilijifanya mbele yangu mwenyewe.

Kuna jambo zito kuliko jiwe. Yule mama alikuja nyumbani siku chache baadaye kumuuliza baba. Baba hakuwepo. Akanikuta mimi uani. Akachuchumaa, akanishika mabega, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umeona mtu yeyote kwenye mpaka wetu?" Nikasema sijaona. Akanitazama. Nafikiri alijua. Akaniambia, "Haya, cheza," akaondoka. Baada ya hapo kila walipomcheka nilikuwa nikicheka na mimi, kwa sauti kuliko wengine.

Najua mtaniambia nilikuwa mtoto, na ni kweli. Lakini nilipofika miaka 20 sikuwa mtoto, na yeye alikuwa hai. Nilipofika 30 alikuwa hai. Nilikuwa nampita njiani na kumwamkia, naye ananiitikia.

Abuu Twaha, umesema tangu siku niliyosoma daftari nashikilia nikijua. Rekebisha hesabu yako, kaka. Ni tangu kabla hata sijaota ndevu. Nilikuja hapa kutafuta namna ya kumwombea baba kwa sababu kumwombea baba ni rahisi.

---

Mtoto wa Upande wa Pili amejibu:

Mimi si wa jirani yako, usiogope. Natoka mbali na huko. Lakini mama yangu alikuwa mama wa namna hiyo, na nimesoma mlolongo huu mikono ikitetemeka.

Kwetu halikuwa jiwe. Ilikuwa karatasi iliyosainiwa na mtu asiye na haki ya kusaini. Mama alizungushwa ofisi moja hadi nyingine mpaka viatu vikaisha. Naandika ili nikueleze upande wetu ulivyo, maana wanaotubu huwa wanafikiria ardhi tu.

Ardhi inauma, ndiyo. Tulilima kipande kilichobaki, na kila msimu mama alisimama mwisho wa shamba akitazama kule ng'ambo jinsi mazao yalivyostawi. Lakini kilichomla mama ni kuonekana mwongo. Alifika mahali akaanza kujitilia shaka. Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, au kweli mimi ndiye niliyekosea?" Nilikuwa na miaka 15. Yule aliyechukua alitumia ardhi, lakini kwanza ilimbidi achukue akili ya mama yangu na kuigawa kwa watu waichezee. Huwezi kuhamisha mpaka bila kumfanya mtu fulani aonekane kichaa.

Kwa hiyo ukienda kwa watoto wa yule mama, usiende usiku. Usiende na bahasha. Usimtume mchungaji wala shehe aseme kwa niaba yako kwa lugha ya mafumbo kwamba "kuna mambo ya zamani". Nenda useme kwamba mama yao aliona sawasawa. Waliosikia uongo walikuwa wengi, basi na ukweli wausikie wengi.

Na usiwadai msamaha papo hapo. Sisi siku mtu alipokuja kuomba msamaha, alitaka tumjibu kabla hajamaliza chai. Mdogo wangu alitoka nje akatapika. Acha neno lako pale, urudi kwako, wakae nalo. Wanaweza kuchukua mwaka. Wanaweza wasikusamehe kabisa. Jiwe lirudi hata hivyo.

---

Neema Tele amejibu:

Nimejifunza. Nilijibu haraka. Kitindamimba, nisamehe kwa kukuambia ulime kwa amani. Nakuombea.

---

Kitindamimba amejibu:

Ndugu zangu, ni wiki ya 7 tangu niandike mara ya mwisho. Nawaletea mrejesho, maana mlibeba nami.

Nilianza na mke wangu. Kisha mama. Nilimwambia mama habari ya kandili na ndoo, na kwamba sikuja kumfukua baba, nimekuja kujifukua mimi. Alinyamaza muda mrefu sana akisugua goti. Akasema, "Nilijua alitoka. Sikujua kwamba alikuchukua wewe." Akalia kwa ajili yangu. Sikutegemea hilo, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa mara ya kwanza tukazungumza juu ya baba kama mtu, njaa yake na woga wake. Mama alisema baada ya mwaka ule baba hakuwahi tena kupita njia ya kule chini akiwa peke yake.

Yule mama aliacha binti mmoja aliye hai, ananizidi miaka 6. Nilikwenda mchana. Dada yangu mkubwa alinisindikiza, kaka alikataa na bado amekataa. Nilisema nilichotakiwa kusema, nikiwa nimekaa chini. Nilianza na lile swali la uani na jibu nililompa mama yake. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Alikuambia nini ulipomjibu hivyo?" Nikasema, aliniambia haya, cheza. Akainuka akaingia ndani, hakutoka tena siku ile. Tuliondoka.

Alituita baada ya siku 11. Alitaka jambo lisemwe pale mpakani, mbele ya watu, na yeye ndiye atakayewaita. Walikuja wengi, wakiwemo wazee wawili ambao nawakumbuka walivyokuwa wakicheka. Nikasema tena yote. Sauti ilinikatika kwenye habari ya sukari, sijui kwa nini hapo hasa.

Tulikuwa na shida ya kujua mahali penyewe, maana hatua za baba si hatua za mtu mwingine na mti ule shina lake limenenepa. Binti akasema yeye anajua. Akatembea akitazama kilima cha mbele, akasimama, akasema chimbeni hapa. Mama yake, siku ileile alipoona jiwe limehama, alitafuta penye udongo mbichi, akachimba na kufukia vipande vya chungu kilichovunjika, chini kabisa ambako jembe halifiki. Alimwonyesha bintiye tu. Alimwambia, "Siku moja watauliza."

Tulivikuta. Vipande 5, vyeusi, kina cha mkono hadi kiwiko. Mmoja wa wale wazee alivua kofia.

Jiwe tulilirudisha wanaume 4 na mitaimbo miwili, jua la saa 6, na bado tulipumzika mara tatu. Sijui baba alipata wapi nguvu.

Habari ya miaka 43 ya mavuno haijaisha. Nilimweleza binti kuhusu ile sehemu ya tano ambayo Bibi ameitaja, akasema hilo tulizungumze siku nyingine, sasa hivi hataki hesabu. Yale mazao niliyoyatenga ameyachukua. Neno la msamaha hajalisema, nami sijaliomba mara ya pili. Ila jana nimempita njiani, nikamwamkia, akaniitikia na kuniuliza mama anaendeleaje.

Jioni ile ya jiwe nilirudi kwa mama nikiwa na udongo hadi magotini. Aliniambia nilete daftari la baba na kalamu. Nikatafuta ukurasa wa mwisho alioandika yeye, nikaandika chini yake tarehe, kisha: kutoka mti mkubwa hadi jiwe, hatua 96. Macho ya mama hayasomi tena. Aliniomba nimsomee, nikamsomea. Akaniomba nimsomee tena.